Mchezo Upi ni Mchezo Kweli?



Katika lugha yetu neno "mchezo" linabeba mizigo mingi. Mpira wa miguu ni mchezo. Bao ni mchezo. Watoto wakijificha nyuma ya ghala na kutafutana, huo nao ni mchezo. Akina mama wanaochanga fedha kila wiki na kumpa mmoja wao kwa zamu husema wanacheza mchezo. Watu wakiigiza mambo ya mlevi na mkewe mbele ya mkutano, tunasema tumeona mchezo wa kuigiza. Mtu akizembea kazini anaambiwa, "Usifanye mchezo hapa." Tena sheria ya mwaka 2003 inayosimamia kamari za halali inaitwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha. Basi hata mtu anayetumbukiza fedha yake kwenye mashine, apate au akose, kwa lugha ya sheria naye anacheza mchezo.

Neno likibeba mizigo mingi namna hii, watu hawaelewani. Wanatumia neno moja, lakini kila mmoja ana jambo lake moyoni.

Mimi ni ofisa wa elimu ya watu wazima. Kazi yangu ni kutembelea madarasa ya vijijini, na mara nyingi baada ya kusoma tunajadili mambo ya kijiji. Katika darasa moja wanakisomo walijadili orodha ya michezo ya sikukuu ya kijiji chao. Serikali ya kijiji ilikuwa imetenga fedha kidogo. Vijana walitaka fedha yote inunue mipira miwili na nyavu za magoli. Mzee mmoja akauliza, "Na bao je?" Vijana wakacheka. Mmoja wao akasema, "Babu, bao si michezo. Bao ni kukaa." Mama mmoja naye akauliza wanawake wamewekewa nini. Akajibiwa kwamba wamewekewa kukuna nazi na kufukuza kuku.

Msomaji, usidhani hayo ni maneno ya kupitisha wakati tu. Kinachoandikwa katika orodha ya michezo hupewa fedha, hupewa uwanja, hupewa siku. Kisichoandikwa hakipewi kitu. Kwa hiyo ni lazima tujue tunapima kwa kipimo gani. Nitakueleza maoni yangu. Ukiyakataa, sawa, lakini uwe na sababu zako.

Tuanze na jasho. Watu wengi husema mchezo wa kweli ni ule unaotoa jasho. Anayekimbia anahema, anayecheza mpira analowa, basi hao ni wanamichezo. Anayecheza bao amekaa kwenye kigoda, hatoki jasho, basi huyo anapumzika tu.

Hoja hiyo naiona dhaifu. Kama jasho ndilo kipimo, basi mtu anayelima ekari moja kwa jembe la mkono ni mwanamichezo kuliko wote. Mama anayetwanga mtama, mpagazi wa sokoni, mchimba kisima, wote wangepewa medali. Jasho linaonyesha kwamba mwili umefanya kazi. Halituambii kazi hiyo ilikuwa ya namna gani.

Tazama pia wakubwa wa michezo ya dunia wamefanya nini. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 1999 ilikitambua chama cha dunia cha sataranji, mchezo ambao siku hizi wengi huuita chesi. Sataranji huchezwa mtu amekaa, kama bao. Haijaingizwa katika mashindano ya Olimpiki yenyewe, lakini imetambuliwa kuwa ni michezo. Katika Michezo ya Bara la Asia, sataranji ilishindaniwa Doha mwaka 2006 na Guangzhou mwaka 2010. Mwaka 2018 huko Jakarta hata karata za aina ya bridge zilipewa medali. Na sisi wenyewe tunayo mifano. Watumishi wa wizara na idara za serikali wana mashindano yao yanayoitwa SHIMIWI. Humo watu hukimbia, hucheza mpira na netiboli, huvuta kamba, na pia hucheza bao na drafti. Mtumishi wa serikali akishinda bao anapewa kombe. Kwa nini babu wa kijijini acheke nalo peke yake barazani?

Hebu tulitazame bao lenyewe, kwa maana wengi wanaolidharau hawalijui.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32. Yamepangwa safu nne, na kila safu ina mashimo manane. Kete ni 64. Kila mchezaji ana safu mbili zilizo upande wake. Mwanzoni anaweka ubaoni kete 10 tu: sita katika shimo linaloitwa nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani. Kete 22 zinabaki mkononi, naye anaziingiza moja moja. Kila anapoingiza kete moja, anaweza kuzila kete za mwenzake na kuzipanda upande wake, na kete ya mwisho ikiangukia mahali panapofaa anaendelea, anazunguka, anakula tena. Kete za mkononi zikiisha, mchezo unaingia hatua ya pili na hesabu zinabadilika. Anayebaki bila kete katika safu yake ya mbele ameshindwa.

Sasa fikiri. Kabla mtu hajagusa kete ni lazima ajue zitaishia wapi. Akikosea kwa shimo moja, nyumba yake imeliwa. Na mwenzake anamngoja, watazamaji wanamngoja, wengine wanamtania ili achanganyikiwe. Nimewaona wazee wasiojua kusoma hata herufi moja wakipiga hesabu hizo kwa kufumba na kufumbua. Hesabu hizo hizo mimi mwenye cheti cha ualimu wa watu wazima ningeomba kalamu na karatasi. Mwaka 1995 mtafiti mmoja wa Uholanzi, Alexander de Voogt, alitoa utafiti wake juu ya mafundi wa bao, baada ya kuwafuatilia huko Zanzibar. Alitaka kujua akili ya mwanadamu inaweza kufika wapi katika hesabu kama hizo. Watu wa mbali walilichukua bao kuwa jambo la kusomewa. Mwalimu Nyerere naye alikuwa mpenzi wa bao, na hakuna aliyemwambia kwamba anakaa tu.

Lakini jambo kubwa la bao ni hili: halina bahati. Hakuna dadu, hakuna karata iliyofichwa. Kete zote ziko wazi mbele ya macho ya wote wawili. Ukishindwa huwezi kusema upepo ulivuma vibaya au mwamuzi alikuonea. Umeshindwa kwa sababu mwenzako ameona kitu ambacho wewe hukukiona. Ukitaka kumshinda kesho, rudi ukajifunze. Na ukijifunza, kweli utapanda.

Hapo ndipo naweka kipimo changu cha kwanza. Mchezo wa kweli ni ule ambao mtu anaweza kuwa hodari zaidi kwa kujifunza na kufanya mazoezi, na uhodari wake ukaonekana katika matokeo. Si lazima bahati ifukuzwe yote. Mpira unaweza kugonga mwamba na kurudi, mkimbiaji anaweza kujikwaa. Lakini bahati isiwe ndiyo bwana wa mchezo.

Kwa kipimo hicho, kubahatisha kunaanguka mara moja. Siku hizi kijana ananunua bando, anakaa chini ya mwembe na simu yake, anatabiri timu za Uingereza na Hispania zitafungana ngapi, na kuweka fedha. Ukimwuliza anafanya nini, anajibu, "Niko kwenye michezo." Ndugu yangu, hayuko kwenye michezo. Waliomo michezoni ni wale watu 22 wanaokimbia uwanjani. Yeye anaweza kuamka alfajiri, akafanya mazoezi mwaka mzima, akakonda, na mpira wa huko hautageuka hata shubiri moja. Tena mwenye kampuni amepanga malipo yake kwa hesabu, ili kwa jumla ya watu wote na siku zote yeye ndiye apate. Hajaingia kushindana nawe. Anakusanya tu.

Najua kijana atasema, "Lakini mimi nazijua timu, sibahatishi." Inawezekana anazijua. Hata mkulima anayajua mawingu, lakini hatusemi amenyesha mvua. Jambo linaloniuma ni kwamba fedha ya mbegu inaondoka nyumbani ikiwa imevikwa jina zuri la michezo. Mke akiuliza anaambiwa asiingilie mambo ya michezo. Jina limekuwa kichaka cha kujifichia. Sheria ilipoandikwa iliweka neno "kubahatisha" ili tulione. Sisi tunapolitamka tunaliacha neno hilo nyuma na kubaki na "mchezo" peke yake.

Kipimo cha pili ni kanuni. Hili halihitaji maneno mengi, maana kila aliyecheza chandimu utotoni analijua. Mpira wa matambara, mawe mawili kuwa goli, na mwenye mpira ndiye mwenye sheria. Akifungwa anasema lile si goli. Mkibishana anauchukua mpira wake na kwenda kwao kula. Sisemi chandimu ni kibaya. Wachezaji wetu wengi wakubwa walianzia huko. Lakini siku ile mwenye mpira anapoamua peke yake lipi ni goli, kushindana kumekwisha. Watu wakubwa nao wanayo chandimu yao. Nimeona mashindano ya kugombea mbuzi, na mbuzi ametolewa na tajiri mmoja, na mwamuzi ni shemeji yake, na timu ya tajiri haikufungwa hata mara moja. Mbuzi alirudi zizini kwake.

Kanuni ijulikane kabla ya kuanza, iwe moja kwa wote, na asiwepo anayeweza kuibadilisha katikati kwa sababu ya mali yake. Ndiyo maana nchi yetu ilitunga sheria mwaka 1967 ya kuanzisha Baraza la Michezo la Taifa, na ndiyo maana kila mchezo una chama chake. Lakini hata vijana wawili wanaokubaliana kukimbia kutoka mbuyu huu hadi kisimani wana kanuni, maadamu wote wameikubali.

Neno hilo "wameikubali" linanipeleka kwenye jambo ambalo wengi hawalifikirii. Anayeshindana ni lazima awe amekubali kushindana. Huko Pemba kuna mchezo wa ng'ombe. Ng'ombe dume anafungwa kamba, watu wanamchokoza, na mchezaji anamkwepa kwa ushujaa na wepesi mwingi. Ng'ombe hauawi, na mimi siwezi kuwadharau watu wale, maana pembe si kitu cha kuchezea. Kuna ujuzi pale na kuna mazoezi. Lakini ng'ombe hakuulizwa. Hajui kama anacheza, anajua anasumbuliwa. Basi naona nusu yake ni mchezo na nusu nyingine sijui niiite nini. Wapemba watanisamehe.

Kufukuza kuku ni hivyo hivyo, tena ni dhaifu zaidi. Kuku anaachiwa, wanawake thelathini wanamkimbilia, yule ambaye kuku amemwangukia miguuni ndiye mshindi. Ujuzi uko wapi? Watu wanacheka kwa sababu kanga zinaanguka. Sasa nirudi kwa yule mama aliyeuliza swali, kwa maana kwa maoni yangu swali lake lilikuwa zito kuliko la mzee.

Kukuna nazi si sawa na kufukuza kuku. Kunahitaji mkono mwepesi, na mwenye mazoezi anashinda. Tunaweza kuweka kanuni: nazi sawa, mbuzi za kukunia sawa, muda sawa. Basi kwa vipimo vyangu kungepita. Lakini kuna shaka moja. Mama huyo hukuna nazi kila siku. Ni kazi yake. Siku ya sikukuu, wakati mume wake ameachiwa kuvua shati na kucheza, yeye anaambiwa akune nazi kwa haraka zaidi. Mchezo, pamoja na mambo mengine, ni kuondoka katika kazi. Mkulima bora hapewi jina la mwanamichezo hata akiwashinda wenzake wote kwa magunia, kwa sababu mahindi yake ni chakula. Yangekuwa na maana hata kama hakuna aliyeshindana naye. Goli halina maana nje ya mpira. Huwezi kulila wala kulihifadhi ghalani. Tunalitafuta kwa ajili ya mchezo wenyewe, na huo ndio uhuru wake. Kwa nini tuwanyime wanawake uhuru huo?

Tena michezo ya wanawake ipo, ni sisi tu hatuioni. Umewahi kutazama rede? Wasichana wawili wanasimama huku na huku na kurushiana mpira wa matambara. Mmoja yuko katikati. Anaukwepa mpira, na papo hapo anainama kujaza mchanga katika chupa. Akipigwa anatoka. Mchezo huo unataka macho mbele na nyuma, kiuno chepesi, pumzi, na mkono usiomwaga mchanga. Kanuni zake zinajulikana na kila msichana. Sijaona hata orodha moja ya sikukuu iliyoandika rede. Netiboli huandikwa, na ni vizuri, lakini mara nyingi haipewi mpira wake wala uwanja uliosafishwa. Wachezaji wanaambiwa wangoje wanaume wamalize, na jua linazama.

Sasa niseme juu ya ngoma, maana najua wasomaji wa Usukumani wananingoja. Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu. Vyama hivyo hushindana hadharani, kama inavyofanyika katika sherehe za Bulabo huko Bujora, karibu na Mwanza. Vikundi viwili hucheza wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Watazamaji ndio waamuzi, na kura yao ni miguu yao. Kuna mazoezi ya miezi mingi, kuna nguvu, kuna jasho. Je, ni michezo?

Hapo nimewaza sana. Katika kukimbia, saa haina rafiki. Katika mpira, goli ni goli. Katika ngoma kinachopimwa ni mapenzi ya watazamaji, na mapenzi yanaweza kuvutwa na mambo mengine: nyoka aliyeletwa uwanjani, kichekesho, hata dawa, kama wenyewe wanavyoamini. Watu wa Olimpiki nao waliwahi kutatizwa na jambo kama hilo. Tangu mwaka 1912 mpaka 1948 walikuwa wakitoa medali za mashairi, muziki na uchoraji. Naam, mshairi alipewa medali kama mrusha mkuki! Baadaye wakaacha. Mimi nasema ngoma ni mashindano ya kweli na ni sanaa kubwa, lakini nisingeitafutia heshima kwa kuiita michezo. Heshima yake inayo tayari. Hata hivyo, Msukuma akinibishia kwamba kanuni ya kuhesabu watu ni kanuni sawa na nyingine, na kwamba wote wawili wameikubali kabla ya kuanza, nitakuwa na kazi kumjibu.

Nimetaja dawa. Timu ngapi za vijijini hutumia fedha ya jezi kumlipa mganga? Mtu anayeamini dawa inamfungia goli ameshaacha mazoezi moyoni mwake. Na zipo dawa za hospitali ambazo kweli zinafanya kazi, na hizo ni mbaya zaidi. Mwaka 1988 huko Seoul, Ben Johnson wa Kanada alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.79. Dunia nzima ilisimama. Baada ya siku tatu alinyang'anywa medali, kwa sababu alipopimwa alikutwa na dawa iliyokatazwa. Miguu ilikuwa yake na jasho lilikuwa lake. Lakini wenzake walikuwa wamekubaliana naye kanuni moja, naye kwa siri akafuata nyingine. Kwa hiyo ingawa alifika wa kwanza, hakuwa ameshindana nao.

Na neno hili, "kushindana", hebu tulisome vizuri kama tunavyosoma darasani. Mzizi wake ni shinda. Mwisho wake ni -ana. Mwisho huo unauona katika pendana, saidiana, pigana, salimiana. Maana yake ni kwamba kitendo kinakwenda huku na kurudi. Huwezi kupendana peke yako. Vivyo hivyo huwezi kushindana peke yako. Mpinzani wako ni nusu ya mchezo wako.

Mwaka 1974, katika mji wa Christchurch huko New Zealand, Filbert Bayi wa Tanzania alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Alikuwa ameweka rekodi mpya ya dunia. Nyuma yake alikuwa John Walker, mwenyeji wa New Zealand. Walker alishindwa, lakini naye alikuwa ameivunja rekodi ya zamani. Bayi alimlazimisha Walker akimbie kuliko alivyowahi, na Walker alimnyima Bayi nafasi ya kupunguza mwendo. Hakuna hata mmoja wao ambaye angefika pale bila mwenzake. Tarehe 15 Septemba 2025 jambo la namna hiyo lilitokea tena. Katika mbio ndefu za marathoni za ubingwa wa dunia huko Tokyo, Alphonce Simbu wa Tanzania na Amanal Petros wa Ujerumani walimaliza kwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ilibidi picha itazamwe kujua kifua cha nani kilitangulia. Kilikuwa cha Simbu. Kilomita 42, na tofauti ni unene wa kifua! Nani atasema Petros hakuwa na sehemu katika ushindi ule?

Kwa hiyo timu inayowapiga mawe wageni, au inayokwenda kufyeka uwanja wa wapinzani usiku, haijaelewa. Inaharibu nusu ya mchezo wake yenyewe. Na mashabiki wanaotukana wazazi wa mchezaji wa upande wa pili ni hivyo hivyo.

Mtu atauliza, je, aliyeshindwa kabisa naye alicheza mchezo wa kweli? Mjibu kwa habari za John Stephen Akhwari, mtu wa Mbulu. Mwaka 1968 huko Mexico alikimbia marathoni ya Olimpiki. Njiani alianguka na kuumia goti. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alimaliza. Muda wa zaidi ya saa moja ukapita, watazamaji wengi wakaondoka, giza likaingia. Ndipo Akhwari akaingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bandeji, akamaliza wa mwisho. Hakupata medali. Wengi waliopata medali siku zile wamesahauliwa, lakini yeye dunia inamkumbuka hadi leo. Alikuwa amekubali kanuni ya mbio, kwamba mbio huishia kwenye mstari, akaifuata mpaka mwisho.

Turudi kijijini kwetu. Kama ningekuwa na kura katika mkutano wenu, ningeandika mpira, netiboli na riadha, na fedha ya mipira igawanywe sawa kati ya wanaume na wanawake. Ningeandika kuvuta kamba, ambako kulikuwa katika Olimpiki tangu mwaka 1900 hadi 1920. Hakuhitaji fedha bali kamba nzuri na watu wazito. Ningeandika rede. Ningefuta kuku, awe kitoweo. Kukuna nazi ningewaachia wanawake wenyewe waamue, si kamati ya wanaume. Na bao ningeliandika pamoja na mengine, lipewe kivuli, mabao mawili ya kuazima, na mwamuzi.

Lakini bao lina tatizo moja, na hapa ndipo wewe msomaji unahitajika. Kanuni zake hazifanani kila mahali. Kijiji hiki wanacheza nyumba hivi, kijiji cha pili wanaicheza vingine. Wachezaji wakikutana ugomvi unaanza kabla ya kete ya tatu. Wazee wanazijua kanuni zote kwa kichwa, lakini wengi wao hawakuandika. Wewe sasa unajua kuandika. Chukua daftari, kaa na mzee mmoja jioni, mwulize polepole. Andika kete zinapangwaje mwanzoni. Andika nyumba inavunjwa lini na kwa namna gani. Andika anayegusa kete na kuiacha anafanywaje. Mzee akisema jambo, msomee ulichoandika, naye akurekebishe. Kisha ipeleke nakala kijiji cha jirani wiki moja kabla ya mashindano, ili nao waisome na kusema wanalokubali na wanalokataa.